Traíra wa Tangi la Nne

Inspekta Ivone Garbelini hakuwa na desturi ya kuhoji watu tumbo likiwa tupu. Ijumaa ile saa nne asubuhi alipita kwanza uwanjani, ambako chuo kizima kilikuwa kikitundika vibendera vya Sikukuu ya Juni, akanunua pamonha mbili za moto zilizofungwa kwa majani ya mahindi. Moja aliila papo hapo, uji wa mahindi ukimchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ya pili aliitia mfukoni mwa koti, maana kazi ya polisi haina saa ya chakula, kisha akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, kwenye maabara ya samaki.

Watu watatu walikuwa wakimngoja, kila mmoja kwenye kona yake kama waliogombana kwa urithi. Karibu na meza kubwa alisimama Profesa Eunice Kawamoto, mkuu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye ukosi. Kwenye kigoda aliketi Dalva Schimanski, mwanafunzi wake wa udaktari, macho mekundu kwa kulia. Na dirishani, mgongo kwa watu, alikuwa Seu Miro, yaani Bwana Miro, fundi wa maabara kwa miaka thelathini na mmoja.

"Haya," Ivone alisema na kufungua daftari lake. "Kilichoibwa ni nini hasa? Maana sajenti aliyepokea simu yenu amecheka mpaka leo."

"Samaki wadogo, lambari kumi na mmoja," alijibu Profesa.

"Wakubwa kiasi gani?"

Dalva aliinua kidole chake cha shahada.

"Profesa, baa iliyo nyuma ya kituo chetu inawakaanga hao. Sahani moja wanaingia thelathini, na limau juu."

"Wa baa wana kromosomu hamsini," alisema Profesa bila kucheka. "Wangu wana hamsini na moja. Njoo uone."

Ukutani palikuwa na karatasi iliyobandikwa vipande vya picha. Walikuwa wameipiga picha seli ya samaki kupitia hadubini, wakakata kila kromosomu kwa mkasi na kuibandika karibu na mwenzake, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, jozi ishirini na tano. Mwisho wa mstari ilibaki moja, kubwa kuliko zote, peke yake.

"Huyu ndiye shangazi yangu Lurdes," alisema Ivone. "Harusi zote anaenda, na zote anaketi peke yake."

Dalva alicheka, kisha akakumbuka kwamba ana huzuni. Alieleza mwenyewe yaliyobaki. Samaki hao walitoka kijito cha Jaó, juu ya maporomoko, na kokote alikotafuta hakupata wengine wenye kromosomu ile ya ziada. Wiki tatu zilizopita bwawa jipya lilifunga milango yake, na kijito chote kikamezwa. Hao kumi na mmoja ndio waliobaki. Alikuwa amewahesabu wakiwa hai kwenye tangi la nne Jumatano jioni, na Alhamisi saa mbili asubuhi hapakuwa na hata mmoja.

"Nani angewataka?"

"Kuna maabara nyingine, mji mwingine, wanaotafuta kitu hichohicho," alisema Profesa. "Siwataji. Lakini atakayeandika kwanza ndiye atakayekumbukwa. Na mlangoni tuliachiwa hii."

Ivone alirudi mlangoni. Kwenye ubao wa mlango, kwa herufi kubwa za manjano, paliandikwa neno moja na namba moja: TRAÍRA, 4.

Katika nchi ile mtoto wa miaka mitano anajua maana yake. Traíra ni samaki wa matope, mwenye meno, anayelala kimya hadi anayempitia asahau kwamba yupo. Na mtu akikuita traíra, amekuita msaliti. Afadhali akutukanie mama.

"Na hiyo nne?"

"Funguo za maabara zina namba," alisema Profesa. "Wa kwanza ni wangu, wa pili wa Dalva. Wa tatu ulipotea zamani. Wa nne..." Hakumalizia, akatazama dirishani.

"Wa nne ni wangu," alisema Seu Miro bila kugeuka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Profesa alisema polepole. "Mtu mmoja humu ndani alimwona, akaona haya kumtaja, akaandika."

"Si mimi," alisema Dalva upesi. "Mimi nilisema tu habari ya hamira."

"Hamira gani tena?"

Alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Katika maabara ile, kabla ya kuhesabu kromosomu, samaki huchomwa sindano ya hamira ya mkate iliyochanganywa na maji ya sukari. Mwili wake hudhani umevamiwa na ugonjwa, na baada ya siku mbili figo lake huwa limejaa seli zinazogawanyika, na seli inayogawanyika ndiyo peke yake inayoonyesha kromosomu zake vizuri. Wiki hiyo hawakupanga kuchoma samaki yeyote. Hata hivyo Jumatano mchana Dalva alimwona Seu Miro akitia mkobani pakiti ya hamira mbichi.

"Ya nini, Seu Miro?" aliuliza Ivone.

"Ya shughuli zangu."

"Shughuli gani?"

"Zangu."

Profesa aliweka barua mezani. Ilikuwa imeshapigwa chapa, bado kutiwa sahihi. "Ofisi ya Mkuu wa Kitivo inafungwa saa kumi na moja jioni. Barua hii ikifika, Seu Miro anasimamishwa kazi. Alikuwa astaafu Agosti, kwa sherehe. Sasa ataondoka na jina la mwizi. Mimi sipendi, Inspekta. Lakini sina njia nyingine."

"Basi una muda wa saa saba," alisema Ivone. "Niazime."

Alianza na mshukiwa, kwenye karai la kuoshea vyombo, Seu Miro akisugua chupa ambazo tayari zilikuwa safi.

"Jumatano uliondoka saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Ukaenda wapi?"

"Kwa watu."

"Watu hao wana jina?"

"Wanalo. Ndiyo maana silitaji."

"Seu Miro, mimi nimehoji majambazi wa benki waliokuwa wasemaji kuliko wewe."

"Labda walikuwa na la kusema."

Ivone alimtazama mkono. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na alama nyembamba nyekundu, ya moto, mbichi. Aliandika neno moja daftarini na kumshukuru. Kisha akashuka hadi chumba cha katibu wa idara kuomba orodha ya funguo.

Katibu aliitwa Dona Celeste, mjane mwenye miwani ya mnyororo na sauti ya mtu aliyezoea kupigiwa simu na watu wakali. Orodha ilikuwa vilevile Profesa alivyosema. Kando ya taipureta, juu ya sahani yenye kitambaa, kulikuwa na mkate.

"Karibu kipande, Inspekta. Hapa hatumwachi mgeni hivihivi."

Ivone hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitafuna, akageuza kipande, akakitazama chini. "Nani kaoka?"

"Mimi."

"Dona Celeste, wewe umeoka mikate miaka mingapi?"

"Tangu niolewe. Thelathini na nne."

"Basi huu hukuoka wewe. Katikati bado kidogo, chini umekuwa mkaa. Huu ni mkate wa mtu anayejifunza, ambaye bado anagusa waya wa juu wa jiko akitoa bati." Alionyesha mkono wake mwenyewe, juu kidogo ya kifundo. "Hapa."

Dona Celeste alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Uso ulikuwa umemwiva kama mwanafunzi.

"Jumatano huwa anakuja kwangu," alisema. "Mke wake alifariki miaka sita sasa. Alisema anataka kujua kuoka mkate kabla ya kustaafu. Mimi nikasema lete hamira, vingine ninavyo. Binti yangu hajui. Chuo hakijui. Nilimwambia nyamaza mpaka nitakapokuwa tayari, naye akanyamaza." Alisukuma kiti nyuma. "Ndiyo anachonyamazia? Mpumbavu yule. Nitapanda juu sasa hivi niseme."

"Ukisema, Profesa ataniambia mchumba wa mtu hawezi kuwa shahidi wake, na atakuwa na haki. Kaa. Mimi nataka samaki." Ivone alijipangusa makombo. "Hamira yenyewe, kama kielelezo, imo tumboni mwangu."

Alipanda ngazi akicheka peke yake, na katikati ya ngazi akasimama. Kilichomsimamisha kilikuwa kitu kidogo. Ghorofa ile watu wanaona pakiti ya hamira na hawafikirii mkate hata kidogo, wanafikiria samaki. Wamekaa na kazi yao mpaka vitu vya kawaida vimewageukia. Sasa watu hao, wakisoma jina la samaki, wanafikiria nini?

Mlangoni alilowesha leso na kusugua herufi za manjano. Hazikutoka. Alisugua kwa kucha, na chini ya ukucha ikabaki nta.

"Humu ndani mnaandika na nini?" aliuliza.

"Chaki nyeupe," Dalva alijibu. "Na penseli kwenye vioo vya hadubini."

"Nta ya manjano?"

Hakuna aliyejua isipokuwa Seu Miro. "Gereji," alisema. "Wanawekea alama matairi. Juvêncio anayo mfukoni siku zote."

"Juvêncio ni nani?"

"Juvêncio Prates, dereva wa lori la safari. Ndiye anayetuvulia. Aliondoka tena jana alfajiri kurudi bwawani kuokoa samaki waliokwama kwenye madimbwi ya chini yake. Kule hakuna simu."

"Ana ufunguo?"

"Hana," alisema Profesa.

"Hahitaji," alisema Seu Miro. "Mlinzi humfungulia saa yoyote akiwa na ndoo. Samaki hawezi kungoja ofisi zifunguliwe."

Kwa miaka yote hiyo Profesa hakuwa amemhesabu dereva miongoni mwa watu wanaoingia.

Ivone alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la nne. Maji yalikuwa ya rangi ya chai hafifu. Chini palikuwa na changarawe na kipande cha bomba la udongo, upana wa kuingia ngumi mbili, ambacho lambari hupenda kukizunguka.

"Jana nani alitazama ndani ya bomba hili?"

Dalva alisogea, akachungulia.

"Tulitafuta lambari," alisema Dalva. "Lambari hawaingii humo. Wanaogelea juu."

Ivone alipandisha mkono wa koti.

"Inspekta," alisema Seu Miro, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na haraka. "Ningekuwa wewe, nisingetia vidole."

Alichukua rula ya mbao ya Profesa, ndefu, na kuichomeka taratibu mdomoni mwa bomba. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha rula ikatikisika kwa nguvu hadi maji yakamrukia Profesa kwenye ule ukosi uliopigwa pasi. Ivone alipoitoa, kipande cha ncha kilikuwa kimeng'olewa, na ndani ya giza la bomba kulikuwa na jicho moja la manjano lisilojali lolote.

"Traíra," alisema Ivone. "Tangi la nne. Mtu kawaachia taarifa. Watu watatu wa samaki, mna shahada nyingi kuliko ukoo wangu mzima, mmesoma jina la samaki kwenye mlango wa maabara ya samaki, na hakuna aliyefikiria samaki."

Seu Miro alianza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, akiwa ameshika ukingo wa karai. Lakini Dalva alikuwa amejifunika uso.

"Amewala," alisema. "Wote kumi na mmoja. Amewala."

Profesa alikuwa ameshavuta droo ya visu. "Tumpasue. Angalau tujue."

"Acha kisu kwanza," alisema Ivone. "Seu Miro, wewe unamjua huyo Juvêncio. Analeta traíra alfajiri, anataka tangi lenye maficho, na tangi ni hili moja. Anakuta lambari ndani. Atamtumbukiza hivyohivyo?"

"Juvêncio? Haki ya Mungu, hata siku moja. Huyo akimwona mtu anamwacha samaki juani anamfokea kama mtoto wake. Angewahamisha kwanza."

"Awapeleke wapi?"

Seu Miro alifikiri. "Kwa wenzao," alisema, na alipokuwa akisema akageuza kichwa, na wengine wakageuza vyao.

Tangi la saba lilikuwa pembeni, karibu na mlango wa stoo. Ndani yake waliishi lambari wa kawaida, wa kufundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hakuna aliyewajali. Kwa macho hawakuwa na tofauti yoyote na wa Jaó: fedha ileile, mkia wenye wekundu uleule, doa lilelile begani. Kwa Juvêncio, lambari ni lambari.

"Walikuwa wangapi humu?"

Profesa alifungua daftari la mafunzo. "Thelathini. Jumatatu iliyopita."

Ukitaka kujua subira yako, hesabu samaki wanaoogelea. Dalva alipata thelathini na nane, Profesa arobaini na wanne, Ivone akapoteza hesabu alipofika ishirini na kudai kuna mmoja anamchezea makusudi. Mwishowe waliwahamisha mmojammoja kwa wavu hadi kwenye beseni, wote wanne wakihesabu kwa sauti, na wa mwisho alipoingia walisema pamoja: arobaini na mmoja.

Thelathini na kumi na mmoja. Dalva alimkumbatia Seu Miro na kumlowesha bega kwa maji ya wavu.

"Samahani," alisema Profesa.

Walimgeukia. Alikuwa bado ameshika daftari, na uso wake haukuwa na ushindi wala uchungu.

"Daftari hili huandikwa na Seu Miro. Na lambari kumi na mmoja mtu yeyote anaweza kuwavua mtoni asubuhi moja na kuwamimina humu. Ningependa kuamini. Naomba mnielewe, ningependa sana. Lakini hesabu ya vichwa haiwezi kusema ni samaki gani."

Ivone alimtazama kwa heshima. "Ungekuwa kituoni kwetu ningekupa kiti changu. Nini kinaweza kusema?"

"Kromosomu."

"Mkiwaua arobaini na mmoja mtapata jibu na hamtakuwa na samaki."

"Si lazima kuwaua," alisema Dalva. "Tunaweza kukata ncha ya mkia, kidogo tu, inaota tena. Seli zake ni chache, nyingi zinaharibika. Lakini inawezekana. Ni saa tatu za kazi." Alijipangusa macho mekundu. "Mimi leo siwezi."

"Mimi nina miaka kumi sijadondosha tone la seli kwenye kioo," alisema Profesa.

Hapakuwa na haja ya kusema nani anaweza. Tatizo ni kwamba alikuwa ndiye mshukiwa.

"Basi tutafanya kipolisi," alisema Ivone. "Nitachagua samaki kumi na wawili mwenyewe, macho nimefumba. Kila mmoja chombo chake. Namba nitaandika mimi, kwa mpangilio ninaoujua mimi, na karatasi itakaa mfukoni mwangu. Seu Miro atafanya kazi ya mikono. Sitamwacha hata akienda msalani. Hadubini atatazama Profesa peke yake, bila kujua kioo kimetoka kwa nani. Saa ni saba na nusu. Nani ana njaa?"

Hakuna aliyekuwa nayo, kwa hiyo pamonha ya pili aliila yeye.

Mchana ule Ivone aliona kazi ya fundi. Seu Miro alikata ncha za mikia kwa mkasi mdogo, akaziloweka katika dawa inayozuia seli zisimalize kugawanyika, kisha kwenye maji ya chumvi hafifu ili zivimbe, kisha kwenye kileo na siki kali iliyowatoa wote machozi. Hakukimbia wala hakusita. Kutoka uwanjani zilipanda sauti za akordioni na harufu ya karanga za sukari, na yeye akawa anapiga mdundo kwa kisigino bila kujua.

Lilipofika suala la tone, alichukua kioo cha kwanza, akakipulizia pumzi hadi kikafanya ukungu, akainua bomba jembamba usawa wa nyusi zake na kuachia tone moja. Lilitua na kutawanyika sawasawa.

"Kwa nini unakipulizia?" aliuliza Ivone.

"Seli zinataka kioo chenye unyevu, zijikunjue. Wengine wana mashine. Mimi nina mapafu."

Saa kumi kasorobo Profesa aliketi kwenye hadubini. Kioo cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili, baada ya dakika nane, alisema, "Hamsini." Cha tatu, hamsini. Cha nne seli zilikuwa zimepasuka, kromosomu zimemwagika hovyo kama mchele sakafuni. Cha tano, hamsini. Cha sita, hamsini. Dalva alitoka, akarudi, akatoka tena. Seu Miro aliendelea kupanga vioo kana kwamba vilikuwa vya mtu mwingine.

Cha saba hakikuwa na kitu. Cha nane, hamsini. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na nusu na dakika tano, na barua ilikuwa palepale mezani.

Kwenye kioo cha tisa Profesa alikawia kuliko kawaida. Aligusa skrubu. Midomo ilikuwa ikisogea. Alifika mwisho, akaanza tena toka mwanzo.

"Dalva," alisema. "Njoo uhesabu. Usiniambie nimesema ngapi."

"Hujasema, Profesa."

"Vizuri. Hesabu."

Dalva alihesabu kwa sauti, na kila alipovuka kumi Ivone alijikuta akibana kalamu. Arobaini. Arobaini na tano. Hamsini. Akasita.

"Na hii kubwa hapa kando," alisema Dalva kwa sauti nyembamba. "Hamsini na moja."

Ivone aliomba kutazama, ingawa hakujua atazame nini. Aliona vijiti vya zambarau vimetawanyika, na kimoja kikubwa kimelala peke yake. Alitoa karatasi mfukoni na kuikunjua. Kioo cha tisa kilikuwa cha samaki wa tano kutolewa tangi la saba.

"Huyu hawezi kuvuliwa mtoni asubuhi moja," alisema. "Au siyo, Profesa?"

"Haiwezekani," alisema Profesa. "Mto wenyewe haupo tena."

Alichukua barua, akaichana vipande vinne na kuvitia mfukoni mwa koti. Alimgeukia Seu Miro.

"Seu Miro, mimi..."

"Kioo kilikauka vizuri?" aliuliza Seu Miro.

"Kilikauka vizuri sana."

"Basi."

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Aliingia mtu mrefu mwenye matope hadi magotini na ndoo kila mkono. "Traíra wangu mmempa chakula?" aliuliza, kisha akaona nyuso zao. "Mbona mnanitazama hivyo? Niliandika mlangoni. Kwani chuo kikuu siku hizi hawasomi?"

Dalva alicheka mpaka akakaa sakafuni. Juvêncio aliweka ndoo chini kwa uangalifu, hakuelewa neno, akaanza kuwatafutia samaki wake nafasi. Safari hii Profesa alimfuata hatua kwa hatua.

Jua lilikuwa bado linawaka juu ya vibendera waliposhuka uwanjani. Walimu na wanafunzi walikuwa wamevaa mashati yenye viraka na kofia za majani, wamejipanga wawili wawili kwa ngoma ya quadrilha, na kijana wa jiografia akiwaongoza kwa kipaza sauti. Dona Celeste alikuwa amesimama kando ya meza ya keki. Seu Miro alikwenda akasimama karibu naye, siyo karibu sana.

Ivone alikuwa akinunua quentão, kileo cha moto chenye tangawizi, maana sasa zamu imeisha, alipomwona Profesa Kawamoto akikata katikati ya wachezaji, akinyoosha mkono na kumnyang'anya yule kijana kipaza sauti. Akordioni ilififia. Hakuna aliyewahi kumwona Profesa akicheza ngoma.

"Endeleeni," alisema, na sauti ikapiga kelele kwenye spika. "Njia ya kwenda mashambani!"

Walicheka, wakashika mikono, wakaendelea.

"Mvua hiyo inakuja!" alisema Profesa.

Wachezaji wote waligeuka nyuma wakijifunika vichwa, na uwanja mzima ukaitikia kama ilivyo kawaida ya ngoma hiyo: "Ni uongo!" Wakageuka tena mbele.

"Nyoka njiani!"

Wanawake wakaruka. "Ni uongo!"

Profesa alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Seu Miro wa maabara ya samaki," alisema, "ni mwizi!"

Kwa nusu pumzi watu walisita, maana habari ilikuwa imeshazunguka chuo tangu jana. Walimtazama Profesa. Alikuwa akilia waziwazi na kutabasamu, na mkono mmoja ameuinua juu akingoja.

"Ni uongo!" uwanja ukanguruma.

"Sijasikia. Seu Miro ni mwizi!"

"Ni uongo!"

Seu Miro alivuta kofia ya majani ya mtu aliyekuwa karibu na kujifunika uso nayo. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Dona Celeste, na alipaza akiwa amemshika mkono, mbele ya chuo kizima, na binti yake akiwa kwenye mstari wa pili wa wachezaji.